Shimo la Kusimamia

Wiki iliyopita vijana wa maji walichimba mtaro mbele ya geti langu ili wapitishe bomba. Mvua ilikuwa imenyesha, na nilipofungua mlango asubuhi harufu ya udongo mwekundu uliofukuliwa ilinipokea kabla sijaona chochote. Nilisimama pale na magongo yangu nikashindwa kusogea. Kijana mmoja aliyekuwa ndani ya mtaro, akionekana kuanzia kiunoni kwenda juu, akaniambia, "Madam, usiogope, tunakuwekea mbao upite." Nikamshukuru. Nilimwacha aamini kwamba naogopa mtaro, maana hilo ni rahisi kuliko kumweleza mtu aliyeshika jembe kwamba uso unanichoma kwa aibu ya miaka mingi, na kwamba yeye mwenyewe hana kosa lolote ila kusimama shimoni.

Kwetu ni Kathiani, upande wa juu, ambako shamba lisipokatwa matuta mvua inalishusha lote kwa jirani. Baba alikuwa mchimbaji wa matuta hayo, yale tunayoyaita fanya juu. Watu walimwita kila kilima, na sifa yake ilikuwa kwamba akichimba, maji hayapiti. Hakuwa mtu wa maneno. Akiulizwa jambo alitazama chini kwanza, kama mtu anayepima udongo, ndipo ajibu. Kanisani ndiye aliyewekwa kushika funguo za ghala, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo hata wa mzaha.

Mimi ni binti yake wa pekee. Nilipewa jina la mama yake, Mumbua, kama desturi yetu inavyotaka, na kwa sababu hiyo Baba hakuniita kwa jina. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu. Aliniita hivyo hata mbele za watu, mwanamume mzima akimwambia mtoto asiyeweza kusimama, "Mwaitu, umekula?" Nami nilijibu kwa sauti ya mkubwa, kwa kuwa nilidhani ndivyo inavyonipasa.

Miguu yangu ilikuwa imekaza tangu kuzaliwa. Magoti yalivutana na kupishana, na mtu akiniinua nilikanyaga kwa ncha za vidole tu. Wenzangu walikuwa wanatumwa dukani, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni kwa leso, nyayo zikining'inia chini ya magoti ya Mama. Sokoni wanawake walimwambia, "Ai, Mama Kioko, huyo si ni msichana mkubwa? Atakuvunja mgongo." Mama alicheka na kusema mgongo ni wake. Mimi nilikuwa navuta leso ifunike miguu, halafu naficha uso kwenye shingo yake. Nilijua harufu ya shingo hiyo, jasho na sabuni ya kipande, kuliko nilivyojua uso wa mtu yeyote pale sokoni. Jioni alipojinyoosha jikoni na kusema, "Mgongo wangu leo umekataa," alikuwa anajisemea tu. Lakini nilikuwepo, na nilisikia.

Shule ilikuwepo. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na shule ya msingi yenye bweni dogo la watoto wenye ulemavu, lenye njia za saruji na matroni wa kuwaangalia. Baba alikwenda kuulizia nafasi peke yake, akiwa amevaa koti la kanisani. Aliporudi alikaa jikoni muda mrefu bila kuvua koti.

"Wamesema nini?" Mama akauliza.

"Nafasi iko. Lakini wanataka mtoto mwenye anaenda choo mwenyewe. Wanasema hawana mtu wa kubadilisha watoto."

Choo chetu kilikuwa nyuma ya migomba, na mimi sikuwa nakifika. Nilitumia ndoo, tena kwa kushikiliwa na Mama kwapani, naye akitazama ukutani ili nisione haya. Niliona haya hata hivyo. Siku ile nilielewa kwamba kati yangu na kitabu hakukuwa na kitu kingine ila ndoo ile, na niliichukia kana kwamba ilikuwa mtu.

Walinipeleka Machakos mjini, hospitalini, kwenye chumba cha mazoezi. Nakumbuka magodoro ya plastiki ya buluu yaliyokuwa baridi, mipira mikubwa, na watoto wakilia kila pembe. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa mwanamke kijana mwenye viganja vya moto. Alininyoosha magoti taratibu huku akiongea na wazazi wangu juu ya kichwa changu, namna watu wazima walivyozoea kuongea nikiwepo. Mama alikuwa ananivalisha, sweta likiwa limenikwama masikioni, kwa hiyo sikusikia yote. Nilimwona tu fizio akimwonyesha Baba picha kwenye simu, kitu cha mbao chenye mikanda, na Baba akitazama chini.

"Lazima iwe ya mbao?" Baba akauliza.

Jibu sikulisikia. Sweta lilipotoka masikioni Baba alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshapata kazi ya kufanya.

Kabla kazi hiyo haijaanza, susu akafariki. Bibi yangu, mwenye jina langu. Alikuwa amelala chumba cha pili kwa muda mrefu, na mtu alipotoka nje asubuhi akasema amepumzika, nilifikiri amepata nafuu. Fundi wa jeneza alikuja akampima kwa kamba ya katani, kutoka utosini hadi kisiginoni, akaifunga fundo. Vijana wa ukoo waliazima jembe la Baba na sururu yake wakaenda kuchimba kwenye tuta la chini. Siku ya mazishi nilikalishwa mbele kabisa, juu ya gunia, na nikaona kila kitu: kaburi, kamba zikishuka, udongo mwekundu ukirudi. Halafu wakasimika msalaba mweupe. Kioko, kaka yangu, alikuwa amenifundisha kusoma neno moja tu kwa kuliandika chini na kijiti. Neno hilo ndilo lililokuwa pale msalabani kwa rangi nyeusi. Mumbua.

Sikumuuliza mtu. Ningeuliza nini? Watu waliniaga wakinishika mashavu na kusema, "Sasa Mumbua umebaki wewe," na mimi nilikuwa nahesabu jambo hilo kichwani kwa akili niliyokuwa nayo.

Siku chache baadaye, baada ya chai, Baba alikuja na kamba ya katani. Alinilaza kwenye mkeka akanipima, kutoka kisiginoni hadi kiunoni, kisha hadi kwapani, akapiga fundo mara mbili. Hakueleza anapimia nini. Alitoka nje, na nikasikia jembe likila udongo karibu na ukuta wa jikoni, sauti ninayoijua tangu kuzaliwa. Harufu ikaingia ndani. Nilijivuta kwa viwiko hadi mlangoni nikachungulia. Lilikuwa shimo dogo, la mviringo, limenyooka kingo kama kazi zake zote.

Nataka niseme ukweli kuhusu nilichohisi, kwa sababu watu hudhani mtoto angepiga kelele. Sikulia. Niliona ni sawa. Susu alikuwa hatembei, akazikwa. Mimi nina jina lake na sitembei. Mgongo wa Mama ulikuwa umekataa, alisema mwenyewe. Kilichonitawala kilikuwa aibu, si hofu, aibu ya mtu aliyekaa kwa watu mpaka wakaanza kutafuta namna ya kumtoa. Mama aliponiletea uji nilikataa. Niliona ni hasara kumlisha mtu anayeondoka.

Wakanibeba. Mama alinishika mikono kwa juu, Baba akanishusha miguu shimoni, akanyoosha magoti yangu kwa viganja vyake, moja kisha lingine, akaanza kujaza udongo. Ulikuwa baridi. Ulipanda kwenye vifundo, magoti, mapaja. Nilifumba macho. Ulipofika kiunoni ukasimama. Nilingoja. Nilipofumbua macho Baba alikuwa amechuchumaa mbele yangu, uso wake umelingana na wangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea nikiwa wima.

"Mwaitu, inauma?"

Nikasema haiumi.

"Basi simama hapo."

Mama akaniwekea ungo wa maharagwe juu ya kigoda, akaniambia nichambue. Nikachambua. Ndani yangu nilijiambia kwamba leo ni nusu, labda kazi hii hufanywa kidogo kidogo, kama matuta.

Mtu asidhani walikuwa wakatili. Walikuwa na kosa moja tu, na ni kosa la watu wa jembe: waliamini kwamba kitu kikiwa kizuri, kikizidishwa kitazidi kuwa kizuri. Fizio alikuwa amewaambia nisimame kila siku, na shimo lilikuwa badala ya kile kitu cha mbao chenye mikanda. Basi nilisimama kuanzia chai ya asubuhi hadi Baba aliporudi kutoka kwenye matuta ya watu jua likiwa utosini. Mama alienda kuteka maji na kulima. Mimi nilibaki na maharagwe, kuku, na njia.

Njia ndiyo ilikuwa mbaya. Ilipita juu ya boma letu, na watoto waliochelewa shule walipita hapo. Wa kwanza kuniona alisimama akaita wenzake. "Kujeni muone, Mumbua amepandwa." Wakaja wakaegemea ua. Mmoja akauliza kwa heshima kabisa kama nitamea lini, na mwingine akasema nimwagiliwe kwanza. Kioko aliwarushia bonge la udongo, lakini hata yeye kuanzia siku hiyo alikuwa anapita njia ya chini. Nilijua ni kwa sababu yangu, na sikumlaumu.

Kumwagiliwa walikosema kulitokea, ila si kwa mkono wao. Asubuhi ni ndefu ukiwa umenywa chai. Nilijikaza nikichambua maharagwe haraka haraka, kana kwamba yakiisha nitatolewa. Kuita sikuweza, ningeita nini, na njia nzima isikie? Ikaja yenyewe, moto kwanza, ikateremka kwenye miguu isiyoweza hata kusogea, halafu ikawa baridi. Udongo uliinywa. Juu ilibaki alama ya giza kunizunguka, nikaifunika kwa vumbi nililokwangua kwa vidole. Nilipomaliza kuifunika nikalia, nikiwa nimeinamia ungo ili kuku tu ndio wanione.

Baba alirudi. Alisimama kando ya shimo, akatazama chini kama kawaida yake, akachuchumaa akaanza kunifukua kwa mikono. Alinivuta kwa makwapa, akanikalisha kwenye gunia juani, mgongo wangu ukielekea jikoni. "Kaa jua kidogo, Mwaitu," akasema. "Miguu ipate joto." Nilikaa nikashukuru kwamba jua ni kali na kwamba wanaume hawaoni mambo ya nguo. Mama aliporudi na mtungi sketi yangu ilikuwa imekauka, na mimi nilikuwa mtoto msafi.

Lakini nyuma yangu jembe lilikuwa limeanza tena. Baba alikuwa anachimba lile shimo upya, anajaza udongo kwenye karai, anaupeleka nyuma ya migomba. Alifanya hivyo siku hiyo, na iliyofuata, na zote. Mama alimuuliza siku moja, "Kwani shimo haliishi kuchimbwa?"

"Udongo wa hapa unashikana," akajibu bila kuinua kichwa. "Nataka mchanga."

Na kweli alianza kuteremka kwenye mto uliokauka, akarudi na magunia ya mchanga mwepesi, akautandaza juani kabla ya kuutia. Mimi sikuona mchanga. Nilichoona ni lundo la nyuma ya migomba, jinsi lilivyokuwa likikua kila siku. Udongo uliotoka lazima umetoka mahali. Nikiwa ndani sikuona tofauti, kiuno kilikuwa pale pale, nikaamini amejaza mchanga chini kwa muda tu, na kwamba huko chini shimo linazidi kwenda. Asubuhi nilikuwa najikojolea kwa siri na mchana nilikuwa namsikia baba yangu akinichimbia. Nilipoyaunganisha mawili hayo nikaona moja ni adhabu ya lingine, hata kama hajui. Mungu anajua, nikasema, ndiye anayemwambia mkono wake uendelee.

Tuliporudi hospitalini fizio alinisimamisha kwenye reli, akaniachilia mikono kidogo. Sikuanguka. Alicheka kwa furaha akawauliza wametumia nini, Baba akamweleza kuhusu shimo, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa mara moja.

"Ni vizuri. Mchanga ni mzuri. Anasimama kwa muda gani?"

"Asubuhi yote," Mama akasema kwa fahari.

"Ai, mama. Hapana. Kidogo kidogo. Nusu saa, mnamtoa anapumzika, anaenda choo, mnamrudisha. Sasa huyu amekuwa akienda choo saa ngapi?"

Mama akasema kwamba mtoto wake ni mvumilivu. Niliona shingo ya Baba imelowa jasho, na yangu pia. Fizio akanigeukia, mara ya kwanza kuniambia mimi, si watu walio juu yangu. "Unajua tunafanya hii yote kwa nini, Mumbua? Usimame, ushike reli, uende choo. Halafu shule wakuchukue."

Shule. Kumbe shimo lilikuwa la shule. Nilikaa kwenye godoro lile la buluu nikahisi damu yote imepanda usoni. Mtu huyu aliyekuwa amechuchumaa mbele yangu kila asubuhi na kuniuliza kama inauma, mimi nilikuwa nimemfanya mzika watu. Nilitamani kumwomba radhi, lakini ningemwombaje bila kumwambia nilichomdhania? Tukala mandazi kwenye benchi la nje, naye akanigawia la kwake.

Kuanzia hapo Baba aliacha kazi kila asubuhi katikati, akapanda kilima kuja kunitoa. Alikuwa amenichongea magongo ya mbao na kupigilia reli ya mti kwenye choo chetu. Alinisindikiza hadi kwenye migomba, kisha akageuka akatazama matuta ya ng'ambo hadi nitakapoita. Mara nyingine niliwahi, mara nyingine sikuwahi. Hakuwahi kuuliza.

Siku ya shule ikafika. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, na matroni alikaa karibu naye amekunja mikono. Si watu wabaya, walikuwa na watoto wengi na mikono michache. Mimi nilikuwa kwenye kiti kati ya wazazi wangu, na tangu tuondoke nyumbani nilikuwa nimejibana.

"Anasimama, hiyo tumeona," mwalimu mkuu akasema. "Shida yetu ni ile nilikuambia, Baba Kioko. Choo. Huyu mtoto hujilowesha?"

"Hapana." Baba alijibu kabla neno halijamtoka mwalimu vizuri. Hakutazama chini kwanza. "Hajawahi. Hata siku moja."

"Hata akiwa peke yake?"

"Hata hapo. Mimi ndiye nimekuwa na yeye. Ningejua."

"Huyo ni msafi," Mama akaongeza, na yeye alikuwa anasema alichojua.

Niligeuza kichwa nikamtazama Baba. Yeye alikuwa amekaza macho kwenye kalenda ukutani. Sikuwahi kumwona akijibu swali kwa haraka namna ile. Kitu fulani kilianza kunisogelea akilini, lakini mwalimu mkuu alikuwa amesimama.

"Tuone basi. Choo kiko pale mwisho wa hiyo njia. Mwenyewe."

Baba akainuka nusu. Matroni akamwambia, "Wewe kaa, baba. Tunataka kuona yeye."

Nikaenda. Njia ilikuwa ya saruji, magongo yangu yaligonga, na watoto waliokuwa uani wakasimamisha mchezo wao. Miguu ilikuwa inajaribu kupishana nami naizuia. Katikati ya njia nilihisi inakuja. Nikasimama, nikabana meno, nikaiambia isubiri, nikaendelea. Nilishika reli, nikageuka, nikakaa. Nikawahi.

Nilipomaliza sikutoka. Nilibaki nimeshika ile reli, kwa kuwa kile kilichokuwa kikinisogelea ofisini kilikuwa kimefika. Udongo unashikana, nataka mchanga. Kaa jua kidogo, miguu ipate joto. Lundo la nyuma ya migomba, mahali ambapo Mama asingeweza kusikia harufu yake. Bado nilijaribu kujiambia kwamba haiwezekani, kwamba alikuwa hajui, maana kama alijua basi hapakuwa na siri, na aibu niliyodhani ni yangu peke yangu alikuwa ameibeba kwa karai kila mchana, mbele ya macho yangu.

Matroni alibisha akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko.

Baba hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama nje ya mlango wa ofisi, kofia mikononi, akinitazama nikija kwenye ile njia ndefu. Nilipofika mbele yake hakunitazama usoni. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye sketi yangu, mbele, kisha pindoni, haraka sana, macho ya mtu aliyezoea kuangalia hapo. Ilikuwa kavu. Akavuta pumzi, akainua kichwa anitazame, lakini mimi nilikuwa nimeshatazama chini.